Minji Zinazofika Kiunoni

Mwaka ule bustani yangu ilishindwa na magugu, na sababu yake sikuweza kumwambia mtu. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Samadi ilikuwepo, maana mume wangu alikuwa gadi wa treni za mizigo, na kila alipopitia Rongai wakulima wa huko walimpa gunia la samadi ya ng'ombe. Jembe lilikuwa nyuma ya mlango, na mimi mwenyewe nilikuwa mzima wa afya, namshukuru Mungu. Hata hivyo, kufikia Agosti, kishona nguo ilikuwa imezipita sukuma wiki kwa urefu, nyasi ya sangari imetambaa mpaka katikati ya viazi, na kunde zangu, ambazo mbegu yake nilitoka nayo nyumbani, hazikuonekana tena. Wanawake wa jirani walipita uchochoroni, wakatazama, wakaguna, wakaenda zao.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikaa katika nyumba za reli hapa Nakuru, zile zilizojengwa kwa safu na kufanana sana, hata mgeni aliweza kuingia kwa mtu asiyemjua na kuketi kabisa kabla ya kugundua kosa lake. Yetu ilikuwa na vyumba viwili na jiko dogo la mabati lililojitenga nyuma, na kando ya jiko kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho kila familia iliachiwa ilime. Udongo wake ni wa kijivu na mwepesi. Unaumwagia maji asubuhi, na saa sita huwezi kujua kama yalipita hapo. Lakini kipande kile kilitulisha. Mshahara ulinunua unga, chumvi, mafuta na karo. Mboga ilikuwa kazi yangu. Sikuwahi kununua mboga sokoni mpaka mwaka ule, na siku ya kwanza niliyonunua nilizifunika kwa leso njia nzima ili nisiulizwe.

Kilichotokea ni hiki. Mwezi wa Aprili baba mkwe wangu alikuja kukaa nasi. Mama mkwe alikuwa amefariki nyumbani, upande wa Butere, na mzee alibaki peke yake na kifua kilichomsumbua. Mume wangu alikwenda kumchukua kwa treni. Daktari alimpima akasema kifua kile hakipatani na baridi, na kwamba apate jua la asubuhi kila siku linapowaka. Sasa, asubuhi za Nakuru ni za baridi, hasa Julai ukungu unaposhuka kutoka mlima Menengai, na katika nyumba yetu jua la asubuhi lilifika mahali pamoja tu: kwenye ngazi ya saruji ya mlango wa nyuma, ikitazamana na bustani yangu. Hapo mzee aliweka kigoda chake. Hapo alikaa tangu baada ya chai mpaka kivuli cha paa kilipomfikia mchana, kisha akasogea ndani ya mlango ule ule uliokuwa wazi, macho bado bustanini, mpaka giza.

Msomaji ambaye hakulelewa kwetu inafaa aelezwe. Katika ukoo wetu, mwanamke aliyeolewa hainami mbele ya baba mkwe wake. Humsalimia kwa umbali, mikono yao haigusani, haingii chumba anacholala, wala hafanyi mbele yake kazi ya kupinda mgongo. Si chuki. Ni heshima, nayo ni ya pande mbili, kwa sababu mzee pia ana mipaka yake: hukohoa kabla ya kupinda kona, ili aliye upande wa pili ajiweke sawa. Nyumbani jambo hili halina uzito, kwa kuwa nyumba ya mzee iko kule, shamba la mboga liko huku, na katikati kuna migomba. Waliotuachia desturi hii hawakuwahi kuona nyumba ya reli.

Na kupalilia ni kuinama.

Nilijaribu kila namna. Nilichuchumaa, lakini jembe halina nguvu mtu akichuchumaa. Nilivaa koti refu la mvua la mume wangu, jua likawaka nikakaribia kuanguka. Nikajaribu kulima nikiwa wima, nikilirusha jembe mbele yangu na kulivuta. Jirani yangu, mama mmoja kutoka Maragoli ambaye mumewe alikuwa fundi katika karakana, aliniona kutoka upande wake akacheka mpaka akashika tumbo.

"Dada, unalima ama unapiga gwaride?"

"Mgongo unaniuma," nikamwambia.

"Mgongo! Jana umebeba debe la maji kutoka bombani bila kupumzika. Ni mgongo gani huo unaochagua siku?"

Kisha akamtazama mzee kwenye kigoda chake, akanitazama mimi, na kicheko kikamwisha.

"Aa," akasema kwa sauti ya chini. "Pole, dada."

Kwao pia mambo ni hayo hayo.

Baba yangu mzazi alikuwa mwalimu wa kanisa. Nilisoma katekisimu kabla ya kujua kusonga ugali, na nilifundishwa kwamba aliyebatizwa ana baba mkwe kama alivyo na baba, bila ukuta katikati. Niliamini hivyo, na naamini mpaka leo. Lakini mgongo wangu haukuwa umeyasikia mahubiri hayo. Kila niliposhika jembe na kuona kofia ya mzee pale mlangoni, ulikataa kupinda. Nikawa namwomba Mungu juu ya magugu, kisha naona haya kumpelekea jambo dogo namna hiyo wakati kuna watu wanaomwomba awaponye watoto.

Kumsogeza mzee hakukuwezekana. Kigoda cha mzee hakisogezwi na mke wa mwanawe; ukikisogeza umemwambia aende. Na mume wangu, kila nilipotaka kumgusia, alikuwa amerudi na usingizi wa safari machoni au anafunga mkoba kwa safari nyingine. Nitamwambia nini? Kwamba baba yake anakaa juani?

Basi Desemba ilipofika, sukuma zilizobaki zikiwa zimekauka, nikaamua kwamba mwaka unaofuata bustani ibadilike yote. Niliifikiria nikifua, nikaifikiria pia kanisani wakati wa matangazo, Mungu anisamehe. Samadi ya Rongai isingetiwa tena ikiwa mbichi, kwa sababu niliona ndiyo iliyotuletea mbegu za magugu. Ingelazwa chini ya magunia mpaka ioze vizuri. Viazi ningevipunguza. Sukuma na spinachi ningezihamishia mwisho kabisa, karibu na uchochoro. Kunde na saga, mboga ya majani ya kwetu, ambazo mzee alizipenda, ningezizidisha. Na lililo kubwa zaidi, ningepanda mahindi kwa mistari iliyobanana, kukata bustani kutoka jikoni mpaka ua wa jirani, hatua chache tu mbele ya ngazi. Mahindi yakikua, mimi nitakuwa nyuma yake na nitainama nipendavyo.

Nilifurahia mpango huo kuliko inavyofaa. Januari nilichukua vijiti nikavichomeka ardhini mahali pa mahindi, nikiwa nimepiga goti upande upande, uso wangu kwa mzee. Alinitazama asubuhi yote. Nilipomaliza, vijiti vilikuwa vimesimama mbele yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Mchana ule alirudisha ugali nusu, na jioni pia.

Mume wangu aliporudi kutoka safari ya Longonot, mzee alimuuliza mbele yangu, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za mvua, "Treni ya kuunganisha na Butere bado inapita siku zile zile?"

"Inapita, baba. Kuna nini?"

"Nyumba isiyo na moto huoza paa. Nimekaa vya kutosha."

Mume wangu alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Mama watoto, umemwambia nini mzee?"

"Sijamwambia kitu. Nitamwambiaje kitu, na wewe unajua?"

"Basi umemfanyia nini? Mtu hajaamka tu akakumbuka paa."

"Muulize yeye. Ni baba yako."

"Ni baba yangu, lakini anayeshinda naye ni wewe. Mimi nashinda na mabehewa."

Alikuwa amekasirika kwa sababu aliogopa, na mimi pia. Tulijua wote wawili kilichokuwa kinamngoja Butere. Hakuna wa kumwashia moto asubuhi. Mvua za kwetu huanza mapema, na hospitali iko mbali. Kifua kile hakingefika katikati ya mwaka. Na ingesemwa, katika kila matanga kutoka kwetu mpaka kwa wazazi wangu, kwamba mke wa mji alimchoka mzee akamrudisha akafe peke yake. Lakini hata bila ya maneno ya watu, nilikuwa nimemzoea. Nilikuwa nimezoea kikohozi chake kabla ya kona. Nilikuwa namsikia akiimba tenzi kwa sauti ndogo asubuhi, akiruka maneno aliyoyasahau, nami ndani ya jiko namalizia.

Mume wangu alimwomba angoje mpaka atakapopata likizo ya kumsindikiza, mwisho wa Februari. Mzee akakubali. Siku zile zilipita vibaya. Upepo uliinua vumbi jeupe kutoka ziwani, likaingia kwenye unga na kwenye nguo zilizoanikwa, na mzee akakohoa zaidi. Usiku na mchana niliuliza moyo wangu nimekosea wapi, na sikupata jibu, kwa sababu nilikuwa natafuta katika maneno na mimi sikuwa nimesema neno lolote. Sikuving'oa vile vijiti. Vilikaa pale na kila asubuhi mzee aliketi akivitazama.

Siku moja nilikuwa jikoni nachambua maharagwe. Mzee alikuwa upande wa pili wa mabati, karibu kiasi cha kumsikia akivuta pumzi. Kuku wangu mwekundu alikuwa mlangoni akidonoa nilichokuwa natupa. Kwetu kuna njia ya kumpa mkwe neno zito bila kumkabili: unamwambia mnyama. Nilikuwa nimewaona wanawake wakubwa wakifanya hivyo, lakini mimi mwenyewe, mtoto wa mwalimu wa kanisa, sikuwahi kufanya. Nikamwomba Mungu aushike ulimi wangu.

"Wewe kuku," nikasema kwa sauti, "nani amekuambia kwamba katika nyumba hii kuna mtu anafukuzwa?"

Kisha kikohozi.

"Wewe kuku," mzee akajibu polepole, "mtu akijengewa ukuta mbele ya uso wake, aelewe nini?"

"Kuku, ukuta huo si wa kumfungia mtu. Ni wa mwenye kulima. Mwenye kulima ana kazi ambayo haifanyiki peupe."

Kuku aliingia chini ya meza. Sauti ya mzee iliporudi, ilikuwa imebadilika.

"Kwa hivyo magugu yale yalikuwa yangu."

"Kuku, magugu yalikuwa ya samadi ya Rongai."

Nikasikia kitu nisichokitambua mara moja. Alikuwa anacheka. Kicheko kiligeuka kikohozi, nikangoja kipite.

"Kuku, nisikilize," akasema. "Kwetu mwanamke akiliacha shamba lake lipotee machoni pa mkwe, kuna jambo anawaambia watu. Anasema, mzigo umenishinda. Mimi nimeyatazama majani yale tangu Juni na nimeyasoma hivyo. Kisha naona vijiti. Nikasema, sasa huyu ameacha kuninong'oneza, anasema wazi."

Miezi yote ile nilikuwa nimejizuia nisiiname ili nimheshimu, na yeye alikuwa anaona namfukuza. Niliinua aproni nikajifuta uso.

"Kuku," akaendelea, "na mahindi yenyewe, mwenye shamba ameyafikiria? Yakifika mwezi wa sita yatanikatia jua lote. Nitakaa kivulini kama uyoga. Daktari alisema nini?"

Nilikuwa nimefikiri juu ya samadi, juu ya viazi, juu ya uchochoro, na jua lenyewe lililomleta mzee kwenye ile ngazi nilikuwa nimelisahau.

"Ua wa kufika kiunoni unatosha," akasema. "Aliyesimama aonekane, asalimiwe. Mengine hayana haja ya kuonekana."

"Ni kitu gani kinachoota mpaka kiunoni kisha kinaacha?" nikauliza, nikamsahau kuku kabisa.

"Kuku hajui," akasema mzee.

Jirani yangu ndiye aliyejua. "Minji," akaniambia. "Zile njegere za kijani. Wakulima wa Njoro wanazipanda. Unazisimamishia vijiti, zinapanda, zinashikana. Na baridi hii ndiyo zinapenda." Sisi watu wa Butere hatukuwa na minji. Nilikuwa nimeziona kwenye sahani za wengine tu. Nilikwenda kwenye duka la Mhindi aliyeuza mbegu, na mama mwenye duka akaniletea makopo mawili.

"Ndefu ama fupi, mama?"

"Inayofika hapa," nikamwonyesha kiuno changu.

Akacheka, bangili zikalia. "Watu wote wanauliza itazaa kiasi gani. Wewe peke yako unauliza itasimama wapi! Unataka kula ama kuvaa?"

Akanipimia za kopo la pili, akaongeza kidogo juu bila kuulizwa.

Mzee hakuahidi kukaa. Nilitaka sana aahidi, na hakufanya hivyo. Alimwambia mume wangu, "Nitangoja nione hizo minji. Zikiota, sawa. Zikikataa, unanirudisha, kwa sababu si haki shamba la watoto life kwa ajili ya kigoda changu." Likizo ikapita na treni ikapita, na yote sasa yakawa yamening'inia kwenye mbegu ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuipanda.

Mvua ilichelewa. Machi ilikwisha kwa upepo. Mawingu yalikusanyika kila alasiri juu ya Menengai, yakanguruma, yakaenda Subukia. Nilichukua maji ya kufulia, nikayapitisha kwenye kitambaa, nikamwagilia tuta lile moja tu la minji nililolipanda mbele ya ngazi, nikiwa nimepiga goti upande upande kama kawaida. Niliogopa kuchimbua nione kama mbegu imeoza. Nilisali nikiwa nimesimama bombani na debe langu, maneno machache tu: Bwana, ziote. Pengine hakuna aliyewahi kumwomba Mungu juu ya minji kwa machozi, lakini nadhani alielewa kwamba sikuwa naomba minji.

Mvua ilikuja usiku mmoja katika Aprili, kubwa, ikipiga mabati hata hatukusikiana. Siku chache baadaye nikaona vichwa vidogo vya kijani, vimekunjika. Na mara ndege wakaviona pia. Walikuja asubuhi wakavikata kimoja kimoja. Nilitoka mbio jikoni, lakini mzee alikuwa amewahi. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, fimbo yake juu, akiwakaripia ndege kwa lugha ya kwetu, maneno ambayo sitayaandika. Tangu siku hiyo kigoda chake kilishuka kutoka kwenye ngazi kikakaa chini kando ya tuta. Alikishusha mwenyewe.

Jirani alipita akamwona. "Mzee! Siku hizi unalima mboga kama sisi?"

Kwetu mwanaume hapandi mboga, na kumwambia hivyo ni kumchokoza.

"Nachunga ndege," akasema mzee. "Wewe hujaona ndege?" Lakini alikuwa ameshika kijiti mkononi, na mche uliokuwa umeanguka alikuwa ameufunga kwa uzi kutoka kwenye mfuko wa koti lake.

Nilizipima kila asubuhi kwa macho. Zilifika kwenye kifundo cha mguu, zikakaa hapo muda mrefu wa kunitia hofu, kisha zikafika gotini. Magugu ya mwaka ule nayo yalikuwa yameanza kuota kati ya sukuma wiki upande wa mbali, machache, maana samadi ilikuwa imeoza vizuri, lakini yalikuwepo, na mimi bado sikuweza kuyainamia. Mzee aliyaona. Nilimwona akiyaona. Hakuulizia treni, lakini pia hakuacha kutazama upande wa stesheni filimbi ilipolia.

Kisha zikatoa maua meupe, na asubuhi moja ya Juni, ukungu ulipoondoka, mzee alisimama kando ya tuta akaweka fimbo yake wima karibu na minji. Zilikuwa zimelingana na mpini wake, sawa na kiuno changu. Akanitazama mimi niliyekuwa kwenye mlango wa jiko, kwa mbali kama inavyotakiwa. Akachukua kigoda chake, akakirudisha juu ya ngazi, upande wake wa ua ule mdogo wa majani, akaketi, akavuta kofia mbele. Jua lilimpiga kifuani.

Nilichukua jembe nyuma ya mlango. Nikapita nikamsalimia, naye akaitikia. Nikazunguka minji mpaka kwenye sukuma wiki, nikasimama kidogo nikimshukuru Mungu kwa maneno niliyoyapata. Upande wa pili mzee akakohoa mara moja, taratibu, kunijulisha kwamba yuko pale na kwamba atakaa pale.

Nikainama.